Kinyaa cha Mtawa Hildur

Horsens, 9 Januari 2012

Shangazi Bodil,

Heri ya mwaka mpya. Natumai magoti yamepoa kidogo na yule paka wako amerudi. Huku theluji ilianguka siku mbili ikayeyuka, tumebaki na matope. Mama yuko Norwe na mume wake, ametuma kadi. Mimi bado ni mwanagenzi wa useremala. Ningekuwa nimemaliza, ila mtihani niliuahirisha Novemba baba alipopata kiharusi. Upande wa kushoto umelala kabisa, maneno yanamtoka kwa shida, na hawezi kushuka kitandani bila mtu. Habari hizi unazo, nilikupigia mwenyewe. Ulisema pole, ukaniuliza kama nyumbani kuna chakula. Sikuandikii kuhusu hilo.

Nakuandikia kuhusu mchezo wenu wa Julai. Tangu utotoni nasikia habari za huo msitu: watu mia mbili, siku nne, kila mmoja amevaa mavazi ya kale na anaishi maisha ya mtu mwingine tangu alfajiri mpaka usiku. Nina miaka ishirini na minne na sijawahi kuja. Nimeambiwa mgeni lazima amtunge mhusika wake, amwandike kwa mkono na kumtuma kwako kwa posta, na wewe ndiye unayekubali au kukataa. Basi huyu hapa wa kwangu.

Anaitwa Silvaria. Nusu binadamu, nusu jini wa msituni. Wazazi wake waliuawa na joka akiwa mchanga, naye ndiye wa mwisho katika ukoo wao. Ana macho ya rangi ya fedha na nywele zinazofika kiunoni. Ni hodari wa upinde, hamwamini mtu, haogopi kitu.

Nijibu mapema ukiweza.

Ni mimi Maiken, binti wa kaka yako


Skive, 2 Februari 2012

Maiken,

Paka hakurudi na magoti ni yale yale. Mlangoni pangu pana barafu, sitoki ila kwenda dukani. Msalimie baba yako Egon.

Sasa huyu Silvaria. Nilimsoma nikiwa nakula mkate mweusi na samaki wa siki, na nilipofika kwenye macho ya fedha nikausukuma mkate pembeni. Kweli kabisa, nilichefuka. Hii ni sanamu ya dirisha la duka, mwanangu, si mtu. Anaishi msituni na nywele zinafika kiunoni: anazioshea wapi? Chawa je? Anakula nini mwezi wa Februari? Nani alimkata kitovu, nani alimfunga nepi, ikiwa wazazi wote wameliwa na joka?

Kwa miaka ishirini na sita nimeletewa mayatima zaidi ya mia tatu. Nikiona tena neno "wa mwisho katika ukoo" natamani kutapika. Watu wanawaua wazazi katika mstari wa kwanza kwa sababu ya uvivu. Mhusika mwenye mama ana mambo ya kueleza, na kueleza ni kazi.

Nisikilize. Waandishi wa vitabu vya kufundishia watakwambia mpe mhusika wako hofu na ndoto. Upuuzi. Hofu inampa mtu sifa, kila mtu anapenda kuogopa kitu kikubwa. Mimi huwa nauliza swali moja tu: mhusika wako hawezi kugusa nini, na kwa nini? Kinyaa ndicho kinachomvua mtu nguo. Nilikuwa na jamaa aliyeleta mpiganaji asiyeweza kugusa maziwa yenye utando, kwa sababu baba yake alimlazimisha kuyanywa. Jamaa yule hakuhitaji upanga, tulimjua siku ya kwanza.

Hildur wangu, ninayemcheza mwenyewe, umemsikia. Mtawa anayeosha wakoma, huu utakuwa mwaka wake wa kumi na tisa. Vidonda tunavitengeneza kwa uji wa oti, jamu ya bitiruti na gundi, na ikifika siku ya tatu kwenye joto vinaoza kweli, nzi wanakuja. Naviosha vyote kwa mikono mitupu. Wanaume wenye ndevu zao wamelia mikononi mwangu. Hiyo ndiyo kazi inayoitwa kumjaza mhusika.

Silvaria amekataliwa. Leta mtu.

Shangazi yako, Bodil


Horsens, 26 Februari 2012

Shangazi,

Barua ilifika, ahsante. Baridi huku imepungua na karakana wamenipa saa chache ili niweze kushinda na baba. Salamu zako nimempa. Alicheka kwa upande mmoja.

Msaidizi wa halmashauri, anaitwa Jytte, anakuja asubuhi na jioni. Katikati ya hapo ni mimi. Baba amepata kidonda cha kulalia, juu kidogo ya matako, ukubwa wa sarafu ya kroner tano, nacho kina shimo. Kinanuka kama maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chombo. Namgeuza, namsafisha, nambadilisha, halafu natoka nje penye baiskeli nasimama na kupumua. Nakueleza haya ili usije ukadhani mimi malaika. Naona kinyaa kila siku ya Mungu. Mikono yangu naiosha mpaka inapasuka.

Nimefuata somo lako. Huyu ni wa pili.

Anaitwa Gerda, ni mganga, hakuolewa, umri wa makamo. Ana koti la kijani. Anasifiwa nchi nzima kwa kuwaosha wagonjwa wa watu wengine. Mama yake mzazi alipougua, alilala wiki kumi na moja kwenye chumba cha nyuma nyumbani kwa kaka yake. Kaka alimwosha, kaka alimlisha. Gerda alikuwa akija na koti lake mwilini na mfuko wa mikate ya mdalasini, anasimama kizingitini, anauweka mfuko sakafuni, anaondoka. Kulikuwa na mtoto wa miaka kumi na miwili jikoni, alikuwa anaona. Siku mama anakata roho Gerda alikuwa msituni, anaosha jamu ya bitiruti.

Kinyaa chake: mama yake. Kwa nini, sijui. Hilo ndilo nimeshindwa kulijaza, nisaidie wewe uliye fundi.

Halafu umesahau kuniambia jambo moja. Hildur hawezi kugusa nini? Kwa kanuni yako mwenyewe, asiye na kinyaa si mtu. Nyani haoni kundule.

Maiken


Skive, 11 Aprili 2012

Maiken,

Nimechelewa kujibu. Pasaka nilikuwa na wageni. Hali ya hewa nzuri. Natumai huko mko salama.

Mhusika wako Gerda nimempitia kwa makini kama ninavyowapitia wote. Hakubaliki. Hana uhai. Umemwandika ukiwa umemkasirikia, na mtu aliyeandikwa kwa hasira huwa na upande mmoja tu. Nakuonyesha makosa.

Koti halikuwa la kijani. Mwanamke kama huyo angevaa koti la kijivu, la kushona mwenyewe. Mikate ya mdalasini haipo hapo, mgonjwa wa tumbo hawezi kula mikate. Yangekuwa machungwa, maana mama yake aliyapenda.

Tena hakuishia kizingitini mara zote. Hilo ni kosa kubwa zaidi, linaonyesha mwandishi alikuwa jikoni na aliona mgongo tu. Mtu wa namna hii angekuja mara tatu. Mara mbili za kwanza angesimama mlangoni, sawa. Mara ya tatu angeingia. Angevua koti, angekunja mikono, angechukua kitambaa na beseni. Angelifunua shuka. Na harufu ingempiga, na uso wake ungefanya kile ambacho uso hufanya bila kumwuliza mwenyewe. Na mama yake angekuwa macho. Angeuona ule uso. Mama aliyemfuta mtoto huyu mavi miaka mitatu angeuona uso wa mtoto wake ukikunjamana juu yake, halafu angesema polepole, bila ubaya wowote, "Acha mwanangu, Egon atafanya," na angegeukia ukutani.

Baada ya hapo mtu huyo harudi. Si kwa sababu ya kinyaa. Kinyaa kinapita, unatema mate kinapita. Ni kwa sababu alionekana.

Ukitaka kumwandika mwandike hivyo, ila bado nitamkataa. Hakuna mchezaji atakayetaka kukaa naye siku nne.

Kuhusu Hildur: hana asichoweza kugusa. Ndiyo maana nilimtunga. Nilimtunga mimi, sikumleta kwa mtu aniidhinishie.

B. Skovbjerg


Horsens, 16 Aprili 2012

Shangazi,

Hatujambo. Jytte anakusalimu ingawa hakujui, nimemwambia nina shangazi mshonaji. Kidonda cha baba kimeanza kujaa nyama chini, daktari anasema ni vizuri, ila sasa kinatoa maji mengi.

Nimefanya jambo ambalo huenda litakuudhi. Barua yako nilimsomea baba yote, mpaka mwisho. Nilikuwa nimejiandaa kuisoma nikikutukana kati ya mistari, nikashindwa nilipofika kwenye machungwa. Miaka yote hii nilidhani ni mikate. Nilikuwa mtoto, nadhani niliukumbuka mfuko tu.

Unajua sasa anachukua muda kukusanya maneno, mate yanamtoka, namfuta, anajaribu tena. Nilidhani analia. Mwishowe akasema: "Mwambie mimi nanuka kumshinda mama."

Halafu akacheka mpaka akapaliwa.

Basi naomba waziwazi, maana kuzungukazunguka nimechoka. Mtihani wangu ni tarehe 29 na 30 Mei, siku mbili baada ya Pentekoste, na usiku wa katikati nitalala huko huko. Jytte atakuwa likizo wiki hiyo, na halmashauri wanasema wanaweza kutuma mtu asubuhi tu. Nikiukosa mtihani tena karakana hawanisubiri, wameshaniambia. Watakachofanya halmashauri ni kumpeleka baba kwenye nyumba ya wagonjwa kule ng'ambo ya reli. Baba amesema akipelekwa huko ataacha kula. Unamjua, hatanii kwa mambo ya chakula.

Nahitaji mtu kuanzia Jumanne saa nne asubuhi mpaka Jumatano jioni. Kumgeuza kila baada ya saa tatu, kumwosha, kubadilisha nepi, kufunga kidonda. Sikuombi umpende. Nakuomba uingie.

Mambo ya mchezo niliyaanza kwa sababu sikujua mlango mwingine wa kukufikia. Sasa unajua.

Maiken


(Kadi ya posta, picha ya daraja la Skive)

14 Mei 2012

Nitashuka treni ya saa tatu na nusu. Nunua glavu, saizi ndogo. Kidonda kinafungwaje, niandikie kwenye karatasi, hatua moja moja, uibandike ukutani. Usinikumbatie nikifika. B.


Horsens, 3 Juni 2012

Shangazi,

Nimefaulu. Kiti changu cha mtihani kimekaliwa na wazee watatu wa chama cha maseremala, mmoja ana kilo mia na ishirini, na hakikulia hata kidogo. Mwenye karakana alinunua keki. Hizo ndizo habari njema, na zimewezekana kwa sababu yako, ahsante.

Sasa mengine. Nimerudi Jumatano saa kumi na mbili jioni na wewe hupo. Mama Lund wa nyumba ya pili amekaa sebuleni na ufumaji wake, anasema ulimwita dakika ishirini zilizopita. Shuka zote zimefuliwa ziko kwenye kamba. Beseni limesuguliwa mpaka rangi imetoka. Kidonda kimefungwa vizuri kuliko nifungavyo mimi. Glavu ziko kwenye boksi, zote mia, hazijaguswa.

Na nyuma ya mlango wa bafu limening'inia joho la mtawa. Jeupe na jeusi, na kamba yake ya kiunoni, na harufu ya moshi wa kuni.

Shangazi, nililishika lile joho nikahisi mwili unanisisimka kwa karaha. Ulikuja kucheza? Baba yangu amelala na kidonda cha kweli, na wewe umekuja umemvalia nguo za maigizo kama yule mgonjwa wa oti na jamu? Nimekaa ukingoni mwa bafu nimelishika. Nilitaka kulichoma bustanini.

Nikamwuliza baba kilichotokea. Hasemi. Mtu ambaye alikuwa akisubiri nusu saa kupata neno moja ili anichekeshe, sasa anafumba macho anajifanya amelala. Jana nilimshika, nikamwambia sitampa kahawa mpaka aniambie. Akasema, "Mwulize mwenyewe." Ndiyo nakuuliza.

Maiken


Skive, 19 Juni 2012

Mpendwa Maiken,

Hongera. Kiti kisicholia ni kitu kikubwa, babu yako angefurahi. Huku mvua, na nyanya zangu zimeota ukungu. Nimewaandikia watu wa mchezo watafute mwingine wa kusoma barua za wahusika mwaka huu, kwa hiyo kama bado unataka kwenda, mimi si kizuizi tena.

Umeuliza, nitakujibu. Usinikatize kwa barua kabla hujamaliza.

Joho nililibeba tangu nyumbani. Sikuja kucheza. Nilijijua, nikajua kwamba Bodil akilifunua lile shuka uso wake utafanya kama mwanzo. Hildur uso wake haukunjamani. Kwa miaka kumi na minane nimemfundisha asikunjamane, nimempa pumzi ya mdomo, nimempa sauti ya chini, nimempa mikono isiyoharakisha. Nilijiambia: wewe huwezi, yeye anaweza, mtume yeye. Ulipotoka kwenda mtihani niliingia bafuni nikabadilisha. Kwa watu wa msituni hilo lingekuwa jambo la busara. Nilipofika mlangoni mwa chumba sikusimama hata kidogo. Niliingia kama mtu anayeingia kwake.

Nikamwambia, "Amani kwako, ndugu," kwa sauti ya Hildur. Nikachukua kitambaa. Nikaanza na mkono ule uliolala, nikauosha kuanzia vidole mpaka kwapani. Sikuhisi kitu. Ulikuwa mkono tu. Nakwambia nilijisikia vizuri, nilikuwa naifanya kazi ile kwa uzuri kiasi kwamba nilitamani mtu awepo aone.

Egon alikuwa ananitazama. Aliniacha mpaka nikamaliza mkono. Halafu akaanza kukusanya maneno, nikasubiri, nikamfuta mate kwa upole wote wa mtawa. Akasema, "Mtoe huyu."

Nikajifanya sijasikia. Hildur husamehe wagonjwa wanaofoka.

Akakusanya tena. "Mtoe huyu mwanamke nje. Mimi nilimwita Bodil."

Nilitoka. Nilivua joho nikalitundika pale ulipolikuta. Chini yake nilikuwa na fulana na sketi ya ndani, na sikuona maana ya kutafuta kitu kingine. Nikakaa ukingoni mwa bafu, pengine pale pale ulipokaa wewe. Nikafikiria treni. Kulikuwa na ya saa tano na dakika kumi, nisikufiche, niliitazama saa.

Kisha nikaingia na hiyo fulana. Glavu sikuzichukua. Zile ningezivaa ningekuwa nimemwita mwanamke mwingine tena.

Nilipomgeuza na kuifungua bandeji, Maiken, kichefuchefu kilinipanda. Si harufu ya jamu ile. Nilitapika kwenye beseni lenu, mbele yake, nikiwa nimemshika bega asije akaanguka. Machozi na kamasi vilinitoka. Uso wangu sikuweza kuufanya chochote, ulijifanyia wenyewe, na nilijua kwenye kioo cha kabati anauona wote. Nilisubiri aseme nimwache.

Akasema, "Endelea. Bado huku nyuma."

Basi nikaendelea. Nilisoma karatasi yako hatua moja moja. Ilinichukua saa moja na robo kwa kazi ambayo wewe unaifanya kwa dakika ishirini. Kila baada ya saa tatu ilikuwa vile vile. Sikuzoea. Usije ukaandika mahali popote kwamba shangazi yako alizoea, au kwamba mapenzi yaliishinda harufu, nitakukana. Mara ya sita nilichukia kama mara ya kwanza, nilimtukana, naye akanitukana kwa neno moja moja. Katikati ya hapo nilimlisha mkate na maini ya kusaga, tukazungumza kuhusu mama. Hayo ni yangu na yake.

Joho kaa nalo, kata vitambaa vya kufutia, ni pamba nzuri. Nimetunga watu wengi, na wote waliweza kila kitu nisichokiweza, na mwaka hadi mwaka nikawaita hao wahusika waliojaa. Aibu.

Nitakuja Jumanne tarehe 3 Julai, na Jumanne inayofuata. Mwambie Jytte apumzike jioni.

Pengine unajiuliza pia kwa nini niliondoka kabla hujafika. Ni jambo dogo tu. Nilikuwa sijaoga. Nilikuwa na ile harufu mikononi, nyweleni, kwenye fulana, na nilikuogopa wewe, nilijua ukinisogelea uso wako utafanya kitu nami nitauona. Nikakimbilia stesheni. Mbele ya Aarhus msichana mmoja alikuja akaketi kando yangu, mavazi safi, kitabu mkononi. Baada ya muda akanitazama kwa pembe ya jicho, akainuka, akaenda kusimama mlangoni pamoja na mizigo yake ingawa viti vilikuwa vitupu. Sikumchukia. Uso ule naujua. Nikafunga koti langu, nikakaa na harufu ya kaka yangu mpaka Skive.

Mimi, Bodil